Nishani Yangu na Jina Lisilo Ukutani

Mpendwa mshauri, pole na kazi ya kusikiliza shida za watu. Naomba msaada wako, na ukiweza nijibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao, maana siku hiyo nitavalishwa sare tena na moyo wangu hautaki.

Mimi ni mwanajeshi mstaafu, sasa natunza stoo ya hospitali, magodoro, shuka, ndoo na sabuni, na kila mtu pale ananiita Shujaa, hata likija kabati la kupandishwa ghorofani wanasema mwiteni Shujaa, hilo kwake si kitu, nami nabeba huku mgongo unaniuma, yote kwa sababu miaka tisa iliyopita nilipewa nishani ya ushujaa vitani, na karatasi yake inasema nilikataa kurudi nyuma nikalilinda daraja peke yangu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mshauri, mimi sikukataa chochote, nilikuwa nimelala.

Tulikuwa na siku tatu hatujalala. Amri ya kuondoka ilikuja alfajiri, ukungu umetanda, mwenzangu wa handaki akanitikisa bega, nikamwambia tangulia nakuja, kisha usingizi ukanichukua tena. Sisi tukiondoka kimyakimya hatuhesabiwi mmojammoja, kila handaki mtu mmoja hujibu kwa niaba ya wote, "Kamili," naye akajibu kamili akidhani niko nyuma yake. Walipovuka daraja akageuka akaona sipo, akarudi mbio bila kuomba ruhusa kwa afande. Aliyeniamsha ni yeye, kwa kofi, akasema, "Amka wewe, wenzetu wameshavuka!" lakini adui alishafika na pa kukimbilia hapakuwepo, basi yeye akaenda kwenye kona ya barabara, mimi nikabaki handakini, tukapiga risasi kwa woga tu, na alipouawa sikumwona.

Wenzetu waliporudi adhuhuri walinikuta mimi tu niko hai, nimejeruhiwa, sijitambui. Nilipopata fahamu karatasi zilikuwa zimeshaandikwa, mimi shujaa, yeye aliacha msafara bila ruhusa akafa mbali na handaki, yaani alikuwa anatoroka. Nikaogopa kusema, maana kulala mbele ya adui ni kosa kubwa jeshini, na siku zikapita, na kadiri zilivyopita ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito.

Mjane wake ni fundi cherehani, anakaa mtaa wa pili, ananiita shemeji, na ndiye anayenipunguzia sare kila mwaka kwa vile nazidi kukonda. Sasa kambini wamejenga ukuta wa majina ya waliokufa vitani na mimi ndiye nitakayeuzindua. Juzi nilikwenda kupimwa suruali, akatoa pini mdomoni akaniuliza, "Shemeji, na lake litakuwemo?" Nikamjibu tutaona. Akasema, "Mama mkwe ananiuliza kila siku, mimi sina tena la kumwambia." Mke wangu anasema funika kombe mwanaharamu apite, tutaaibika mtaa mzima. Nimechoka, mshauri, nimechoka kusimama mbele ya watu wanaonipigia makofi. Nifanye nini?

Ni mimi, Shujaa wa Stoo

Kaka wa stoo,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya kwanza nilikuhurumia. Siku tatu bila usingizi! Mwili ni mwili, haujui amri ya afande. Kwa usingizi ule sikulaumu, na wala mwenzako hakukulaumu, angekulaumu asingerudi.

Ila miaka hii tisa ulikuwa macho, kaka yangu. Ulisimama mbele ya yule mama akikukunjia pindo la suruali, ukamwacha aamini kwamba mumewe alikuwa mwoga. Hilo ndilo kosa lako, na hakuna afande aliyekulazimisha. Mkeo anaogopa aibu, namwelewa, lakini mwambie aibu ipo tayari, imebebeshwa nyumba isiyo yake. Mficha uchi hazai.

Sasa sikiliza. Usisubiri mwisho wa mwezi ujao. Nenda kwa shemeji yako wiki hii, mchana, mama mkwe naye awepo, na umwambie yote kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na lile kofi. Nishani iache nyumbani. Usijaribu kumpa, hajakuomba chuma, amekuuliza neno moja, ndiyo au hapana. Ukitoka hapo andika barua kwa mkuu wa kambi, weka sahihi yako, na useme nani alijibu "Kamili" na kwa nini alirudi. Huenda wakakuita, huenda wakakuvua hiyo nishani, wavue. Na kama jina lake halitaandikwa, huo ukuta mtafutie mtu mwingine wa kuuzindua. Na makabati ya ghorofani, waambie mgongo unauma, si dhambi.

Shemeji yako huenda akakufukuza. Ondoka, kesho yake rudi. Na akikuuliza ulikuwa wapi miaka yote hii, usithubutu kumwambia ulikuwa umechoka. Yeye ndiye aliyechoka.