Shamba Lisilo na Mti

Mdogo wangu,

"Wakulima wale hawaitaki miti, ni wagumu wa kuelewa." Hayo uliyasema redioni Jumatatu, bila hata kumeza mate. Nitakujibu, lakini salamu kwanza, tusije tukaonekana hatukulelewa. U hali gani? Wifi na watoto hawajambo? Mama yupo, magoti yanamsumbua, anakusalimu sana. Mimi napumua.

Sasa niambie, uliwahi kuwauliza wakulima wanapenda miti gani? Mimi niliwauliza, tukiwa tunapalilia. Wanawake walitaka mti wa kuni na wa majani ya mbuzi. Wanaume walitaka mbao. Wewe, bwana misitu wetu, ukaleta miche ya aina moja, ukawahubiria kuhusu rutuba, kana kwamba hawauoni udongo wao ukishuka mtoni kila mvua inaponyesha, na mbolea yao ndani yake. Haya, hata hiyo waliipokea.

Yule fundi viatu aliyekodi shamba la bondeni alipanda michungwa katikati ya mahindi. Watu walimcheka kwamba anaandaa kivuli cha kukaliwa na wengine. Akawajibu kwamba mwenye wivu ajinyonge, lakini asitumie mchungwa wake. Machungwa yalipoanza kuiva, mwenye shamba alikuja na wanawe, akasema kwamba apandaye mti kwenye ardhi ya mtu ana nia ya kuipora, maana huku kwetu mti ndio alama ya mwenye mali. Fundi aliondoka na jembe lake na mkeka. Machungwa anakula mwenye shamba. Baada ya hapo nani tena apande? Wewe unauita huo ugumu wa kuelewa. Mimi nasema wameelewa vizuri mno.

Lakini mimi ni mbishi wa kuzaliwa, kwa hiyo nilipanda. Niliipanga miche yako kwa mistari kwenye shamba la marehemu baba, lile ninalolilima tangu nilipoachika, na ambalo baba zetu wadogo walikukabidhi wewe kwa kuwa ni mwanamume. Ilishika vizuri, ikanifika magotini. Kisha ikaanza kukauka mmoja mmoja, tena mvua zikiwa zinanyesha. Maafisa wenzako walikuja na mabuti yao safi, wakasema nimeitunza vibaya. Nilibishana nao mpaka sauti ikanikauka. Nikamshuku jirani, nikamtukana mbele ya wanawe.

Juzi asubuhi nilimfuma Mama. Alikuwa ameinama shambani na magoti yake yale mabovu, akimimina maji ya moto kwenye shina la mche wa mwisho. Nilimpokonya sufuria. Hakukana. Alisema kwamba ulimpigia simu, ukamwagiza anikanye nisipande miti kwenye shamba lako, la sivyo utalikodisha kwa mtu mwingine. Alijua kwamba nikiambiwa sitasikia. Alisema bora shamba lisilo na mti kuliko binti asiye na shamba. Halafu akakaa juu ya tuta akalia.

Nimesoma vitabu vingi, mdogo wangu, na nimezoea kushinda mabishano. Hili la Mama limenishinda. Huku mteremkoni mahindi ni ya manjano, mafupi kama nyasi, na udongo wa juu umebaki kidogo sana. Sioni tutavuna nini.

Mama anakuombea dua, kama kawaida yake. Wabusu watoto. Nawe, pamoja na wenzako wote mnaomiliki mashamba msiyoyalima, sitaki mniletee mche mwingine. Njooni msimame mpakani, mbele ya wazee na wanaokodi mashamba, mtamke kwa vinywa vyenu kwamba mti ni wa aliyeupanda na kwamba hatafukuzwa kwa sababu ya mti huo. Uanze wewe.

Dada yako