Kamba ya Katani

Igowole, Mufindi
Jumapili, 12 Juni 1977

Kaka Nkuba, shikamoo.

Vidole vyangu havitakatwa. Daktari wa Tosamaganga ndiye aliyesema hivyo juzi Ijumaa, baada ya kukitazama kidonda cha mkono wa kulia. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha baba kimepungua. Mimi, ukiacha vidole, sina neno.

Nikueleze ugonjwa wenyewe, maana hapa kambini kwa wachuma chai walishasema ni ukoma. Daktari aliniambia nitumbukize mikono kwenye beseni la maji baridi, naye akatazama saa. Dakika mbili hazikuisha, vidole vikapauka kama vimepakwa majivu. Alisema mishipa midogo ya damu hujifunga baridi inapoingia, na vidole vya miguu ni vivyo hivyo. Si ukoma, wala hauambukizi. Dawa yake ni joto, na kuacha sigara. Sigara nimeacha.

Joto ndilo shida. Tunaingia shambani ukungu haujainuka, na majani ya chai yanadondosha maji. Msimamizi wetu, Bartholomeo, husema nachuma kana kwamba naliamkia kila jani na kungoja liitikie. Lea, mama wa hapa Igowole ninayechuma naye, kila asubuhi hunipa viazi viwili vya moto niviweke mifukoni. Vikipoa, navila. Anasema tangu azaliwe hajaona mwanamume anayekula glovu zake.

Nayakumbuka mavumbi ya Usangu yanavyochoma nyayo saa sita. Huku watu wanasalimiana kamwene. Miaka mitatu sasa hakuna aliyeniambia mwangaluka ya kwetu.

Daktari alisema nisiumalize msimu huu wa baridi huku. Kidonda kikirudi, hatanihakikishia tena. Aliuliza kama kwetu kuna joto. Nilimwambia lipo. Hakuuliza kwa nini siendi.

Kaka, kamba uliyoisuka haikukatika. Asubuhi ile ya Mei 1974 tulipovusha ng'ombe mtoni, maji yalikuwa baridi, vidole vyangu vikafa. Niliiona kamba ya mtamba niliyemvuta ikiniponyoka, lakini mkononi sikuisikia. Niliona aibu kusema kijana wa miaka ishirini ameshindwa kushika kamba, nikamwambia baba imekatika. Jioni nilimkuta yule mtamba amekwama kwenye matete, amekufa, kamba nzima shingoni. Niliifungua, nikaificha, ndipo nikawaita. Wewe ukaitwa Kamba Mbovu, na tangu siku hiyo hukusuka tena. Niliwasikia mnadani wakikuita hivyo, ukacheka nao, nami nikanyamaza. Wiki hiyo ndiyo niliyoondoka.

Kamba ninayo, chini ya kitanda. Nitamkabidhi baba, aivute mbele ya haohao waliokucheka. Atakalosema juu yangu, aseme. Lakini sitaki nipone kwenye joto la nyumbani huku wewe ukibeba jina hilo.

Msalimie mama, umwambie nimenenepa. Lea naye anawasalimu, ingawa hawajui.

Jumamosi tarehe 25 Juni basi litanishusha Igawa, kama saa saba mchana. Nitakungoja barabarani hadi saa tisa. Usipokuja, nitatembea.

Mdogo wako,
Ndalahwa Magesa