Kija, Moyo Uliolazwa kwenye Baridi

Mwaka umetimia leo, 14 Agosti 1998, Kija, tangu madaktari wa ng'ambo waulaze moyo wako kwenye baridi ili waushone, nao ukakataa kuamka. Ulikuwa na miaka tisa.

Ulipenda watu kupita kiasi. Abiria wa kivuko cha Sengerema uliwaamkia wote shikamoo, hata vijana waliokuzidi miaka mitano tu, wakacheka. Ulimchambulia bibi yako Paskazia dagaa, polepole, huku ukimsimulia nani kachapwa shuleni na kwa nini.

Ukitembea hatua chache ulichuchumaa, midomo imegeuka bluu. Wenzako wa Butimba nao walichuchumaa, wakakusubiri. Baba yako ndiye aliyesema ni uvivu. Alikuchapa, Kija. Ikapita miaka miwili kabla hajakupeleka hospitali, tukaambiwa moyo una tundu na njia ya damu imebana.

Alipoelezwa kwamba moyo utasimamishwa kwa dawa na baridi, usije ukaharibika ukishonwa, hakuogopa. Yeye alikuwa mtu wa kiwanda cha minofu ya samaki, kazi yake kumwagia sangara barafu. Akakuambia baridi hutunza. Ukamwuliza, "Na nani atauamsha?"

"Ukipata joto utaamka wenyewe, mwanangu."

Haukuamka. Kazi ilikuwa kubwa kuliko picha zilivyoonyesha, wakaongeza dawa ya baridi mara ya tano, mara ya sita. Daktari alitoka akasema moyo wa mtoto ni mchanga, si wa mtu mzima uliofanywa mdogo; na ukikaa miaka na damu isiyo na hewa ya kutosha huchoka upesi, hata ukilindwa vipi. Baba yako akauliza, "Ningemleta miaka miwili nyuma?" Daktari hakumdanganya.

Majuto ni mjukuu. Ameacha kiwanda, hawezi tena kushika barafu. Bibi humwambia Mungu husamehe. Yeye hujibu kwamba hamwombi Mungu, anakuomba wewe. Majonzi ya nyumba hii yametushinda.

Unakumbukwa na mama yako Sabina, bibi Paskazia, kaka yako Shimba na shangazi yako Dorotea wa Nansio. Baba yako alikataa jina lake liandikwe humu, akasema hastahili. Mama yako ameichukua karatasi akaliandika kwa mkono wake: Shigela, baba yako.

Hatutakusahau, sote, pamoja naye.