Kadi ya Mama Vifungo

Jumatatu, 4 Machi
Salamu za heshima kwako, daftari langu, na uniwie radhi kwa kimya cha majuma mawili. Macho yalinisumbua. Leo yamepata kazi, nami naona haya kuitaja.

Mwanangu, mkurugenzi wa kiwanda chetu cha kushona sare, ametoka semina ya uongozi. Kafundishwa kwamba wafanyakazi hupenda kujaliwa. Siku tatu za semina! Marehemu mama yake alikuwa akienda kuketi na wagonjwa bila kufundishwa na mtu.

Kaniletea kadi arobaini, niziandike kana kwamba ni yeye. "Mwandiko wako una roho, Baba. Wangu ni kuku kapita topeni." Nami nilikuwa mkata vitambaa tu, hakuna anayeujua mkono wangu. Nikaandika. Ya Mama Vifungo, mtia vifungo wetu wa mkono aliyevunjika nyonga, nilizipamba herufi: "Kiti chako kinakungoja. Wewe ni familia."

Jumatano, 6 Machi
Ghalani nimeona mashine mpya, imefunikwa turubai. Ya kutia vifungo!

Mwanangu hakuinua macho kutoka kwenye simu. Iliagizwa tangu mwezi uliopita, alisema. Mama Vifungo atajulishwa kwa utaratibu, akishapona. "Bado siri, Baba. Tusimvunje moyo." Nikaomba kadi yake irudishwe. Ilikwisha kupelekwa.

Nilimwonea kinyaa, na vidole hivi pia. Kisha nikamwambia samahani kwa kumsumbua. Samahani! Mimi!

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwenda kumjulia hali. Kadi imebandikwa ukutani, kando ya picha ya ubatizo wa bintiye. Jirani yake, msusi, alikuwa akimfumua nywele.

"Bosi gani huyu mwenye mwandiko wa askofu?" akacheka msusi.

"Koma! Wivu tu. Mtoto niliyemshonea kaptura za shule, leo kaniandikia kwa mkono wake mwenyewe." Akanigeukia. "Mzee wangu, umelea."

Kumbe kuna fundi wa ng'ambo ya barabara anayetaka kumwajiri, kazi ya kuketi kitini, na Jumatatu anangoja jibu. Atamkatalia. "Nitawakimbiaje watu wanaonipenda hivi?"

Nilipaswa kusema. Nikaaga.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya ibada nimemsihi mwanangu aende kwake leo, yeye mwenyewe, amwambie kweli. "Nina wageni, Baba. Na kadi si tulimpa?"

Tulimpa!

Basi nimemwandikia Mama Vifungo. Kwamba mashine ipo. Kwamba aikubali kazi ile kesho, tafadhali sana. Niliomba radhi mara nne, nikafuta tatu. Nilijaribu kuandika kwa herufi kubwa za kuchapa, kama tangazo la mlangoni, nikajichukia zaidi. Nikaanza upya kwa mkono wangu. Ataujua kabla hajaifungua bahasha. Kadi iko ukutani, ailinganishe.

Barua ataipeleka msusi. Yuko mlangoni sasa, kiatu kimoja mguuni, ananiuliza kwa heshima zote: "Mzee, si ungeenda tu mwenyewe?"

Nimemwambia asubiri kidogo, wino haujakauka.

Umekauka.