Kunawa Baada ya Maziko

Gisenyi, Rubavu
Jumapili, baada ya mvua ya asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima yote inayokustahili, nikitumaini kwamba barua hii inakukuta umeketi barazani upande wa kivuli, si jikoni penye moshi. Kifua kinasemaje? Tafadhali usinijibu kwa neno lako la kila siku, "kizuri tu," kwa kuwa Dada Mwanahawa ameniambia kwamba siku hizi unalala umeegemea mito, na kwamba joto la Korogwe mwaka huu halikupi nafasi ya kuvuta pumzi mpaka alfajiri. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafundisha, na ile sweta niliyoicheka ulipoinunua mnadani sasa naivaa karibu kila jioni.

Nimechagua kuandika badala ya kupiga simu, na sababu yake nitaisema waziwazi. Katika simu wewe hunishinda. Unanitania, unaniuliza kama nimepata mchumba, na mazungumzo yakiisha ndipo ninapotambua kwamba hukunijibu. Mara ya mwisho nilipokuomba uje kuishi nami, ulisema: "Baridi nimekubali, ziwa nimekubali, hata viazi nimekubali. Sasa niambie, mwanangu: nikifa huko, nani atakaa chini anililie? Utakodi watu?" Kisha ukaniaga. Nilicheka kwa sababu ulitaka nicheke. Hata hivyo swali lilikuwa la kweli, na swali la kweli halistahili kujibiwa kwa kicheko. Likizo ya chuo inakaribia, nayo ndiyo nafasi niliyo nayo ya kuja kukuchukua. Mkuu wa idara yangu naye anasubiri kujua kama nitatia saini mkataba mpya wa kufundisha hesabu hapa, au nitarudi nyumbani moja kwa moja. Ukikataa, nitarudi, sitakuacha peke yako na kifua hicho. Makao yako na kazi yangu, vyote viwili, vinangoja neno lako.

Nianze na mahali penyewe, maana sitaki udhani nakuita ndotoni. Mji huu umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, na ziwa lenyewe liko juu sana milimani, kiasi kwamba jua la adhuhuri, hata likiwa kali machoni, halimfuati mtu ndani ya nyumba. Sijawahi kumiliki feni. Asubuhi hewa ni ya kujitanda shali, mchana ni ya kuivua, jioni ni ya kuitafuta tena ilipoangukia. Hayo ndiyo yote ya kusema juu ya hali ya hewa, ukiacha mvua, ambayo ni nyingi na haina haraka. Udongo ni mweusi kama masizi. Viazi vinavyoletwa kutoka Busasamana, kule chini ya milima ya moto, vikichemshwa hupasuka vyenyewe vikawa unga, nami sikujua kabla ya kufika hapa kwamba kiazi kinaweza kuliwa bila mchuzi na mtu asijihisi maskini. Ziwani hakuna mamba, na wanawake wa rika lako huteremka kwenye chemchemi za maji ya moto, wakaloweka miguu yao huku wakiwasema wakwe zao.

Sitakuficha upande wa pili. Mlima wa moto ulio ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, ni hai, na watu wa hapa wameukimbia zaidi ya mara moja katika umri wao. Vilima ni vikali kwa magoti. Ugali wa mahindi wanaupika mwepesi kuliko unavyoupenda. Na najua utasema kwamba Lushoto pia kuna baridi, tena ni karibu. Ni kweli kabisa, lakini Lushoto hatuna mtu. Hapo ndipo hoja yako ilipo, nami naiheshimu: hewa nzuri bila watu ni hospitali tu.

Basi niseme juu ya watu. Wageni wengi waliokuja kwa kazi wanakaa chini, kando ya ziwa, katika nyumba zenye ua wa maua na mlinzi mlangoni. Nami nilianzia huko. Ni watu wema, wala siwasemi vibaya. Tulikuwa tukialikana Jumamosi, tukilinganisha ada za shule na ubora wa kahawa. Mmoja akimaliza mkataba tulimwandalia keki, na aliyechukua nafasi yake tulimkaribisha kwa keki. Lakini nilitambua kwamba ningeweza kukaa pale mpaka nywele ziote mvi bila mtu yeyote kuhitaji nibaki. Ndipo nilipopanga nyumba juu, kilimani, kati ya wenyeji.

Jirani yangu wa kwanza kunijia alikuwa Mama Aline. Ni Mnyarwanda aliyezaliwa Kongo, wazazi wake wakarudi naye akiwa msichana, na nusu ya jamaa zake wangali Goma. Kila siku huvuka mpaka na kapu la kabichi na karoti, akarudi jioni na kapu tupu na habari za miji miwili. Siku ya kwanza nilimsalimu kwa maneno mengi na kumweleza nilikotoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama yake, Bibi Kosita, aliyekuwa akiota jua mlangoni, akasema: "Maman, sikia huyu. Kiswahili yake inavaa tai!" Tangu hapo nikiwa na shati la kazini husema Kiswahili changu kimetoka kutembea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Katika nyumba ya tatu kutoka kwangu aliishi mwanamke mmoja mzee, Fundi Esperansi, mshonaji wa sare za shule. Alifika hapa kutoka Bukavu akiwa kijana. Hakuwa na mume, mtoto, wala ndugu aliyejulikana. Alinishonea mapazia, na wakati wa kuyatundika akaniambia bila kupepesa macho kwamba rangi niliyoichagua ni ya mtu mwenye huzuni. Aliugua kwa muda mfupi, akafariki.

Mama, nakiri kwamba nilikwenda msibani nikiwa na swali lako kichwani, kama mtu anayekwenda kukagua jengo. Huyu hapa mgeni asiye na jamaa: nani atakaa chini? Nikaangalia. Wanaume walileta kuni, moto ukawashwa uani, haukuachwa uzime. Wanawake walipeana zamu jikoni bila mtu kuamrisha. Benchi zilitoka kanisani na mikeka ikatoka kwetu Waislamu, maana mtaa huu umechanganyika, na familia moja inaweza kuwa na watu wa dini zote mbili. Mama Aline hakuvuka mpaka kwa siku zote za matanga. Nilimuuliza kama kabichi zake hazitaharibika. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza bei ya kitu katikati ya ibada. "Kabichi itaota ingine, Mwalimu," akasema.

Tulimzika juu ya kilima, chini ya manyunyu. Baada ya maombi mzee mmoja alitangaza kwamba kunawa kutafanyika nyumbani kwa marehemu. Hiyo ni desturi ya hapa, na nilikuwa nimeshaelezwa: watu wakitoka makaburini hurudi kwenye nyumba ya msiba, hukuta maji langoni, kila mmoja hunawa mikono kabla ya kuingia, kisha hukaa, hunywa kitu, na humsema aliyeondoka. Tangazo nililielewa neno kwa neno. Lakini nilijipima. Mimi si ndugu, si wa kanisa lake, ni mtu wa mkataba. Nikaona adabu inanitaka niwaachie wenye msiba nafasi yao. Nikashuka kwa njia ya pembeni hadi kwangu, nikavua viatu vilivyolowa, nikabandika chai, nikiwa nimeridhika na malezi uliyonipa.

Chai haijachemka nikasikia lango likigongwa.

"Mwalimu! We uko ndani?"

Nilipofungua nilimkuta Mama Aline na beseni kichwani, jagi la maji mkononi, na nyuma yake Bibi Kosita akiegemea fimbo, akihema kwa kupanda kilima, pamoja na majirani wengine waliokuja, nadhani, kutazama.

"Karibuni," nikasema. "Kuna nini?"

"Kuna nini! Maman, anauliza kuna nini." Alilitua beseni chini, miguuni pangu. "Mutu anatoka ku makaburi, anaingia ku nyumba na mikono ya makaburi, anapika chai. Ni mimi ndio naweza kuuliza kuna nini."

Nikaeleza kwa utaratibu kwamba nilidhani kunawa ni kwa jamaa za marehemu, na sikutaka kujiingiza.

"Jamaa gani? Esperansi alikuwa na jamaa gani?" Alishika kiuno. "Donc sisi bote tulinawa kama nani?"

 Bibi Kosita ndiye aliyeimaliza hoja hiyo. Alisimama wima kadiri mgongo wake ulivyomruhusu.

"Mugeni ndiye anarudia kwake bila kunawa," akasema. "We, mapazia yako ilishonwa na nani?"

"Na yeye, Bibi."

"Bon. Nawa."

Nikainama, nikanawa palepale langoni, peku, mbele ya watu, Mama Aline akinimiminia maji huku akipiga kelele, "Kunja shati, kunja shati, hiyo tai yako itakunywa maji!" Majirani wakacheka, nami nikacheka, siku ya maziko. Kisha akamwaga maji ya beseni majanini, akanishika mkono kama mtoto aliyechelewa shule. "Sasa twende. Kiti yako iko wazi, na batu banaanza kusema Mutanzania amekasirika."

Kiti kilikuwepo kweli. Hapakuwa na mtu aliyekikalia, ingawa wengine walikuwa wamesimama. Zamu yangu ya kusema ilipofika nilisimulia habari ya rangi ya mapazia, na uwanja mzima ukaangua kicheko, kwa sababu kumbe kila mmoja pale alishawahi kuambiwa neno la namna hiyo na Fundi Esperansi. Mwanamke asiye na ndugu alisemwa hadi giza likaingia, na maneno hayakuisha.

Wakati wa kurudi nilimsindikiza Bibi Kosita. Akaniuliza kama mama yangu yu hai, na anaitwa nani. Nikasema, "Mama Idrisa."

"Hiyo ni jina ya mutoto. Yake yeye?"

Nilisita. Unajua kwamba kwetu mtoto halitamki jina la mama yake hivi hivi. Lakini alisimama njiani akingoja, na baridi ilikuwa ikizidi, nikalitaja. Akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Zubeda. Zubeda akuye," yaani aje. " Hii batoto bote asubuhi banakimbilia ku frontière, ku mupaka. Mi sina mutu wa kukaa naye pa jua." Tangu siku hiyo kila tukikutana huniuliza, "Zubeda amesema nini?" nami sina la kumwambia.

Ndiyo, Mama, hilo ndilo jibu langu kwa swali ulilouliza. Hutakodiwa watu. Nimeonana pia na imamu wa msikiti wa mjini, akanihakikishia kwamba waumini wanawake wapo wa kukuosha na kukusitiri kwa taratibu zetu, na makaburi yetu yapo. Nilimuuliza mambo haya yote kwa ukavu, mpaka akaniuliza kama mama yangu amefariki. Nikamwambia hapana, mama yangu ni mtu anayetaka kujua mapema.

Lakini liko jambo ambalo hukuniuliza, na nadhani ndilo kubwa kuliko lile uliloniuliza. Ukija huku, huku ndiko utakakozikwa, na kaburi la Baba liko Korogwe. Hilo sina jibu lake. Nimelitafuta kwa siku nyingi, na nilichokipata ni maneno matamu tu, kwa hiyo sikuyaandika. Kifua chako naweza kukipigania, upweke wako naweza kuupigania. Hili ni lako na lake, wala sitakusukuma kwa neno hata moja.

Nisalimie Dada Mwanahawa, ambaye kila Ijumaa anapanda basi kutoka Muheza kuja kukufulia na bado anasema hachoki. Mwambie najua kwamba anachoka. Msalimie Mjomba Salehe, fundi wa baiskeli, na umwambie vilima vya hapa vingemtajirisha. Nisalimie Shangazi Mwajuma kwa heshima, lakini nakuomba usimpe kazi ya kunijibu kwa niaba yako. Yeye atanitumia maoni yake, na ninayoyataka ni yako. Watoto wa Dada uwabusu, na yule mdogo aliyeanza kusoma umpe barua hii akusomee aya ya viazi.

Likizo ikifika, nitakuja kwa vyovyote. Neno lako litaamua jambo moja tu: kama nije na nauli ya watu wawili ya kurudia huku, au nije na vitabu vyangu vyote.

Mwanao mtiifu, kitindamimba wako,

Idrisa