Maneno Niliyoyaweka Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni tarehe tatu Machi. Imetimia miaka thelathini na mmoja tangu nitoke kwetu kwa miguu, nimevaa viatu vya darasani, chaki bado imenikauka vidoleni.

Nina miaka sitini na saba na ninaogopa mtihani. Aibu gani hii! Mimi niliyewasimamia watoto wa watu nusu ya ujana wangu, nikipita kati ya madawati, mikono nyuma, uso wa simba. Leo wa kusimamiwa ni mimi.

Chuo kimevikubali vyeti vyangu vya zamani. Limebaki jambo moja: mtihani wa Kiingereza, msamiati na ufahamu. Nikifaulu, naingia shahada ya pili ya historia. Nikishindwa, narudi kwetu.

Hilo la pili si sharti la chuo. Ni la dada yangu. Jana alipiga simu, akaweka spika, nyuma yake nikausikia ukoo mzima ukikohoa. Amani ilirudi zamani, akasema. Wenzako wote wamerudi. Yeye nyonga zimekwisha, anaishi peke yake katika nyumba ya wazazi. Ukifaulu, soma, nitafunga mdomo. Ukishindwa, njoo ufie kwa watu wako.

Nikasema sawa. Mbele ya mashahidi! Na mtu mzima hali matapishi yake.

Jumatano, 5 Machi

Darasa letu liko ghorofani, juu ya duka la matairi. Mashine ya kujazia upepo ikiwashwa, sakafu inatetemeka na miwani inanitambaa puani.

Mwalimu wetu kijana tumempa jina la Saa, maana haiachi mkononi. Mbinu yake: soma maswali kwanza, kisha ingia kwenye habari uwinde majibu, mengine yaache. Siwezi! Kuanza na swali ni kama kuwakuta watu wanacheka na kuwadai sababu kabla hujawaamkia. Leo habari ilihusu chumvi. Niliisoma yote, nikaifurahia, nikarudia aya ya pili kwa utamu wake. Muda ukaisha. Sijajibu hata nusu.

Saa akaja akainama. "Mzee wangu, hii habari si mgeni wako. Usiikaribishe kiti. Chukua ulichofuata, ondoka."

Nyuma yangu anakaa dereva wa lori, anaitwa Gia. "Mwache babu," akasema, "anangoja chai iletwe."

Darasa zima kicheko. Nami nikacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Ufahamu utaniangusha. Basi tegemeo langu ni msamiati.

Kwa msamiati nina njia ya marehemu baba. Alikuwa akisema: neno jipya usiliache barabarani, lipeleke nyumbani ukalilaze. Ndivyo alivyotuhifadhisha kila kitu. Kila neno na mahali pake ndani ya nyumba. Ukilitaka, unaingia, unalikuta lilipolala.

Kwa hiyo kila asubuhi nafumba macho naingia kwetu. Kwenye ngazi za mbele nimeliweka *reluctant* — mtu afanyaye jambo shingo upande — kwa sababu pale ndipo nilipokuwa nikiburuta miguu kwenda shule. Jikoni, juu ya kinu cha mama, nimeweka *futile*. Kutwanga maji, basi! Kwenye dari ya chumba cha wazazi, penye utando wa buibui usiokatika na usioshika, *tenuous*, chembamba kinachoshikilia kwa shida. Sebule imejaa. Ukumbi umejaa. Nyumba haijawahi kupata wageni wengi hivi.

Binti yangu ananiuliza maneno akitoka kazini kwenye duka la dawa, koti jeupe bado mwilini. Leo sikukosa hata moja. Akaniangalia. "Baba, unaibia wapi?"

Sikumwambia.

Jumapili, 9 Machi

Nimwandike mwoga huyu vizuri, maana hakuna atakayesoma.

Siogopi risasi. Hazipo tena. Ninaogopa kuamkiwa. Seremala aliyekuja shuleni na wenzake kuniua siku ile ya vita, mimi nikatorokea dirisha la nyuma, bado anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Dada anasema amezeeka, ni mpole, huuliza: mwalimu hajambo? Dada humjibu, hajambo. Wanaazimana ungo.

Nitamjibu nini akisema shikamoo, mwalimu? Ni mdogo kwangu. Itabidi niseme marahaba.

Jumatano, 12 Machi

Jaribio la msamiati — wa kwanza darasani! Gia akasimama akanipigia saluti. "Babu, ukifika huko chuo utasoma au utawasomesha?" Hata Saa aliweka saa chini akapiga makofi. Nilirudi nyumbani napanda ngazi bila kushika ukuta.

Nimeanza kuthubutu. Kumbe kuthubutu nako kunatisha.

Jumapili, 16 Machi

Dada amepiga. Sauti ya furaha, kama msichana. Amesema hawezi tena kuficha. Wamenitengenezea nyumba!

Nikauliza, mmetengeneza nini?

Akaanza kuhesabu. Ngazi za mbele wamezivunja, kwa ajili ya nyonga zake na zangu, sasa ni mteremko wa saruji. Jiko la zamani lilikuwa linavuja, wamelibomoa, mpwa wetu kajenga jingine upande wa pili. Chumba cha wazazi kimetiwa ukuta katikati, nusu ni yangu, ina dirisha jipya. Dari mpya. Ukumbi umeingizwa sebuleni.

"Na milango yote mipya," akasema. "Kaitengeneza jirani seremala. Hakutaka kitu. Anasema ni zawadi ya mwalimu."

Nikasema ahsante, dada. Nikasema Mungu awabariki. Akaniuliza, mbona sauti yako imekuwa ndogo? Nikasema mtandao.

Amefanya yote kwa mapenzi. Hilo ndilo linalonikaba.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepotea.

Jaribio la mwisho kabla ya mtihani. Nilifumba macho kama kawaida, nikaenda mbele ya nyumba. Nikaukuta mteremko wa saruji. Nikatafuta jiko. Kiwanja kitupu. Nikagusa mlango, nikaona randa ya mtu imeupitia, nikaurudisha mkono. Maneno yote humo ndani, na mimi nje.

Nilijaza kurasa kwa kubahatisha. Wa mwisho.

Gia hakufanya utani. Hilo liliniogopesha kuliko alama. Aliniuliza taratibu, babu, umekula?

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi nilisimama nimeshika mlango wa kabati na nikashindwa kukumbuka kile chuma kinachouwezesha ufunguke kinaitwaje. Kwa Kiswahili! Lugha ya mama yangu! Nikakaa chini. Mama alianza hivihivi. Kwanza vitu vidogo, kisha majina ya watu, mwishowe akamwita baba "yule bwana."

Bawaba. Limerudi mchana, peke yake, wala sikuliita.

Jioni nilimwambia binti yangu yote. Njia ya babu yake, nyumba, ngazi, jiko, milango. Na seremala. La seremala hakuwahi kulisikia. Akavua koti lake, akalikunja, akalikunjua tena.

Kisha: "Baba, huo si uzee. Umeweka vitu vyako nyumba ya watu."

Nikasema, ni nyumba yetu.

"Ni ya shangazi. Anaishi humo, ana haki ya kubomoa. Kwa nini hukuyaweka hapa?"

"Hapa? Hapa sisi tunapita tu, mwanangu."

"Unapita tangu kabla sijazaliwa?"

Yeye amezaliwa hapa. Mama yake amezikwa hapa. Nimepaka kuta hizi rangi mara ngapi, na kila mara nikachagua nyeupe, kama mpangaji wa mwezi mmoja.

Alhamisi, 20 Machi

Saa ametupa mapumziko kabla ya mtihani. Nimeshinda nyumbani nahamisha maneno.

Binti ameomba ruhusa kazini. Anasoma neno kwa sauti, mimi natembea kutafuta mahali. Mwanzoni nilihisi kama mwizi. Kama natoa vyombo vya mama kwa dirisha! Niliogopa kwamba nikilitoa la mwisho, nyumba ile itazimika kabisa, na mimi nitakuwa mtu asiyetoka popote.

*Futile* nimelipeleka kwenye bomba la bafuni, tunalolikaza kila siku na linadondoka kila siku. Binti akacheka hadi akakohoa. *Reluctant* nimeliweka kwenye lifti, maana haijapata kupanda bila kubembelezwa. *Obstinate* — kichwa kigumu — binti akasema weka kwenye kiti chako. Nimeliweka.

Likaja *bereft*. Aliyenyang'anywa mpendwa. Nyuma ya mlango wa chumbani unaning'inia mwavuli wa marehemu mke wangu, hakuna aliyewahi kuutoa. Nikasimama pale. Binti akasema, hilo tuliruke, baba. Nikasema hapana, soma tena. Akalisoma. Nikalitundika.

*Tenuous* limekosa mahali. Hakuna buibui hapa, binti anafagia sana. Nimeliacha mezani.

Ijumaa, 21 Machi

Sikula. Mtihani ni kesho. Nimezunguka vyumba vyetu viwili nikihesabu maneno kama mtu ahesabuye kuku jioni. Mengi yapo. Ninaogopa kulala nikaamka yameondoka.

Dada ametuma ujumbe kupitia mpwa: ananiombea. Hakusema anaomba nini.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwenye benchi la saruji nje ya ukumbi. Sehemu ya kwanza imekwisha, msamiati. Baada ya mapumziko ni ufahamu.

Walitukalisha mbalimbali. Vijana watupu. Msimamizi alidhani nimemsindikiza mtu, akanionyesha mlango wa wazazi! Nikamwonyesha namba yangu. Akasema samahani, mzee, karibu.

Nilipofunua karatasi, giza. Kisha nikaingia kwetu — nikaona nimesimama kwenye lifti. Nikapanda. Bomba linadondoka. Mwavuli upo. Niliyapata mengi, si yote. *Tenuous* lilitokea, nikalikuta mezani nilipoliacha.

Ila ufahamu bado, na ufahamu ni adui wangu. Habari nne ndefu, nami nitataka kuzikaribisha zote. Gia ametoka akanipita, jasho shingoni, akasema: "Babu, leo hakuna chai, sawa?" Nikamwambia sawa. Nadhani nitashindwa. Nasema kweli.

Nikishindwa, ahadi niliitoa mbele ya ukoo. Watasema nimekula matapishi. Waseme. Dada atalia, na hilo sijui nitalibebaje.

Binti anavuka ua kuja hapa, simu ameinyoosha mbele yake kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa. Dada yuko hewani. Amefungua dirisha la chumba changu, bila shaka, ili kipigwe na upepo. Kengele ya sehemu ya pili imeanza kulia na vijana wanasimama. Nitamwambia kabla ya kuingia, kabla ya kujua kama nimefaulu.

Sitarudi.