Uso wa Mungu na Kikohozi cha Mkweo

Rwamgasa, Geita

Mayu, mama yangu, shikamoo.

Natumaini miguu yako haijavimba tena tangu mmalize kupalilia mpunga, na kwamba Minza anakuchotea maji bila kununa. Mimi ni mzima, na nimenenepa hata gauni la harusi halifungi. Hiyo ni kazi ya Shija. Akitoka kwenye karasha wanakosaga mawe ya dhahabu, uso mweupe kwa vumbi kama ametumbukia kwenye unga, ananiita kwa jina tangu barabarani, ili majirani wote wajue ana mke. Nacheka mpaka naona aibu. Mbona hukuniambia kama ndoa ni tamu hivi?

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani inakaa mfukoni mwa Baba, na habari hii inamhusu Baba. Sijui alikueleza nini aliporudi Segese kutoka kwetu. Soma ukiwa shambani, peke yako.

Siku ile nilichinja kuku. Nikaenda kuazima majani ya chai kwa jirani, maana kwetu hatunywi chai. Baba akanywa, kisha akamtazama Shija na bakuli lake la uji.

"Mkwe, unaumwa? Mbona hunywi chai?"

"Siumwi, Baba. Kanisani kwetu hatunywi."

"Kanisa gani hilo linaloogopa chai?"

"Mimi ni Mmormoni, Baba."

Jirani yetu mchimbaji alikuwa anapita na sululu begani. Akapaza sauti, "Mzee, hebu muulize huyo, Mungu wake anavaa viatu namba ngapi!"

Wachimbaji humtania hivyo kila siku, naye hujibu, "Namba ileile ya Mwanae," nao hucheka wote. Siku hiyo hakucheka mtu. Baba aliweka kikombe chini.

"Ana maana gani huyo?"

Shija akavua kofia. "Sisi tunaamini Baba wa mbinguni ana mwili, Baba. Mwili wa nyama na mifupa, uliotukuzwa, usiokufa. Na Yesu ana wake."

"Ulipokuja kuniomba binti ulisema wewe ni Mkristo."

"Ni Mkristo. Sikukudanganya."

Unamjua Baba akikasirika, sauti inashuka badala ya kupanda. Akasema polepole, "Mama yangu alikata roho Bariadi, mimi nikiwa Segese. Nilimwomba Mungu awe kwake na awe kwangu, na alikuwepo kote kuwili. Mwenye mwili hukaa mahali pamoja. Huyo wako angekwenda kwa nani?"

"Roho Mtakatifu angekuwa kwenu wote. Yeye hana mwili."

"Basi una miungu watatu."

"Ni watatu, Baba, lakini nia yao ni moja."

"Sisi tunasema nafsi tatu, Mungu mmoja. Umehamisha kitu kimoja tu, mkwe wangu, lakini ndiyo nguzo ya nyumba."

Mayu, nilitamani ardhi inimeze na sahani zangu. Shija naye akaikunja kofia yake mikononi. Akasema, "Baba yangu alifukiwa na shimo la dhahabu kabla sijazaliwa. Hata picha yake hakuna. Nilikua nikimwomba Baba wa mbinguni asiye na uso kama huyo wangu asiye na uso. Siku niliyofundishwa kwamba ana uso, na kwamba nitauona, nililia kama mtoto. Usiniambie niurudishe."

Baba aliinamisha kichwa. Nikadhani yamekwisha. Kumbe alikuwa anatafuta fimbo yake. Kuku hakumgusa. Nilimsindikiza mpaka barabarani, akaniambia bila kunitazama: "Mpunga ukivunwa, kama hajakiri kwamba Mungu ni roho, ng'ombe wake wa mahari nitamrudishia, na wewe utarudi nyumbani. Mimi ni mzee wa kanisa, Kabula. Watu wananitazama."

Nilirudi nikamwangukia Shija. Nikamwambia, mjibu tu Baba anavyotaka, neno moja, yaishe. Akanishika mikono yote miwili. "Nikimdanganya baba yako kuhusu Mungu, wewe utaniamini kuhusu nini?"

Basi niambie, Mayu, mtu kama huyo unamwachaje?

Mimi sijabatizwa upya. Nafua nikiimba nyimbo za kanisa letu la huko nyumbani, na Jumapili nafuatana naye kwenye sebule wanakosalia. Nikipiga magoti nasema "Baba", halafu naogopa, maana anayenijia machoni ni Baba yangu akiweka kikombe chini.

Lakini nimewaza jambo. Tangu Shija aje kunichumbia, hujawahi kumtazama usoni. Akikohoa kwenye minyaa ya uani, wewe unavuta kanga na kuzunguka nyuma ya nyumba, kama mama mkwe anavyotakiwa. Hata hivyo ulijua hali mlenda. Ulijua ana mafua kwa kusikia kikohozi tu. Unamheshimu kwa kutomwona. Nadhani Baba anamheshimu Mungu hivyohivyo, na Shija anamheshimu kwa kutamani kumwona. Baba sijathubutu kumwambia haya. Atasema nachanganya ukwe na Mungu.

Nisalimie Minza mdogo wangu, na mjomba Luhende fundi baiskeli, na bibi aliyenisuka siku ya harusi. Waambie nina furaha. Ni kweli, hata sasa.

Ombi langu ni hili. Mpunga ukiingia ghalani, Shija atakuja huko mwenyewe, kabla Baba hajafungua zizi. Atakohoa kwenye minyaa. Wewe mpishe kama desturi, sikuombi uivunje. Ila kabla hujazunguka nyuma, toa viti viwili pale shikome, kwenye moto wa Baba. Kikiwa kimoja, Shija ataelewa. Atasalimia akiwa amesimama na kuondoka. Vikiwa viwili, Baba hawezi kurudisha kiti ndani mbele ya mgeni, unamjua. Wabishane mpaka makoo yawakauke, Mayu. Ila wabishane wamekaa.

Ni mimi mwanao Kabula, mke wa Shija, ninayeomba kubaki na jina hilo.